Kifundo cha Mkono wa Herakle

Mwanangu Hermaio ana mikono minene kuliko mapaja ya watu wengine, ndiyo maana mtaa mzima wa wafinyanzi ulimwita Herakle. Mimi mama yake sikupinga. Ukimlea mtoto peke yako kwa kuuza dengu za kuchemsha milangoni mwa karakana za watu, halafu akakua akawa anabeba mwenyewe magogo ya tanuri ambayo wenzake hubeba wawili wawili, utakubali aitwe jina lolote zuri. Hata la yule shujaa, mtoto wa Zeu mkuu wa miungu.

Basi huyo Herakle wangu akapata mchumba, tena si mchumba wa hivi hivi. Mzee Kefisio, mwenye karakana aliyokuwa akifanyia kazi, hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, Plangone, na alitaka mkwe atakayehamia kwake, ashike udongo na tanuri, ili moto usizimike siku yeye akifumba macho. Akamchagua mwanangu. Hakumchagua mwana wa Fainipo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye tangu zamani alikuwa akiikodolea macho karakana ile. Alimchagua Hermaio, ambaye mali yake yote ni shuka moja na hiyo mikono.

Nilifurahi hadi nikaunguza dengu. Na Hermaio alimpenda yule binti. Hilo nililijua bila kuambiwa, kwa sababu tangu majira ya baridi alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Kefisio hata siku ambazo hakuwa na kazi huko.

Sasa, hapa kwetu Athene mume ndiye humtoa mke kwao akampeleka kwake. Mwanamume akifunga virago kuhamia ukweni, watu hawakosi la kusema, na Fainipo hajawahi kukosa la kusema hata pale pasipo na neno.

"Mama Hermaio!" aliniita siku moja, ameshika bakuli langu la dengu. "Hongera! Nasikia mwanao anaolewa."

"Anaoa," nikamwambia.

"Anaoa, halafu analala kwa nani?"

"Analala kwa mkewe. Wewe ulitaka alale kwako?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa ushindi wangu. Lakini mwanangu alikuwa amesimama pale na gogo begani, na hakucheka. Hermaio anaweza kubeba kila kitu isipokuwa maneno. Alivuta vizuri ile kamba ya ngozi aliyokuwa ameizungusha mara nyingi kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, akaenda zake.

*

Mzee Kefisio alitaka kumpa heshima mkwe wake. Akamwita, akamwambia, "Mtungi wa maji ya kumwogeshea bibi harusi nitauchora mimi mwenyewe. Chagua picha, mwanangu."

Hermaio hakufikiri mara mbili. Akachagua Herakle anavyoingia Olimpo, mlima wa miungu, kazi zake zote ngumu zimekwisha, anakwenda kumwoa Hebe, binti wa Zeu. Aliona picha hiyo inamfaa sana. Mtu mwenye nguvu, ametaabika, sasa anapokewa kwa miungu. Kwamba Herakle naye alihamia ukweni, hilo halikumjia akilini, wala mimi halikunijia.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kefisio huchora kila mtu mweusi kwanza, mwanamume na mwanamke. Kisha Plangone huja nyuma yake na bakuli la udongo mweupe na brashi nyembamba, akawapaka wanawake uso, mikono na miguu. Katika mitungi yetu wanaume ni weusi na wanawake ni weupe, kwa sababu eti mwanamke wa heshima hakai juani. Nani aliyeyapanga haya sijui. Mimi nimekaa juani na chungu changu tangu mume wangu alipofariki, na ningechorwa kwa haki ningetoka mweusi kuliko Herakle. Hata Athena, mungu wa kike wa vita, na chapeo yake na ngao na mkuki, asiyemwogopa mwanamume yeyote mbinguni wala duniani, lazima apakwe weupe ili mnunuzi asije akamdhania kijana wa jeshi.

Siku ya kufungua tanuri watu walijaa, maana mtungi wa harusi kila mtu anataka kuuona. Hermaio alivunja mlango wa matofali mwenyewe, akautoa mtungi akiwa ameukumbatia, akaupangusa majivu kwa kiganja. Ulikuwa mrefu, shingo nyembamba, unang'aa. Nikaona Zeu amekaa kwenye kiti chake. Nikaona Hebe amesimama, ameinua ukingo wa shela. Nikamwona Herakle na ngozi yake ya simba, kifua mbele, na mbele yake Athena anamwongoza.

Halafu nikauona mkono.

Kwa kawaida wachoraji huwachora wameshikana kiganja kwa kiganja, kama marafiki wanaosalimiana. Hapa sivyo. Vidole vyeupe vya Athena vilikuwa vimezunguka kifundo cha mkono wa Herakle, vimekaza. Na nani kwetu anayeshikwa kifundo cha mkono? Bibi harusi. Ndivyo bwana harusi anavyomtoa nyumbani kwa baba yake, mbele ya watu wote, na hata mtoto anayetambaa analijua hilo.

Fainipo aliutazama kidogo, kama mtu anayeonja chakula kabla ya kumeza. Kisha akapiga paja lake.

"Jamani, njooni! Njooni muone! Athena anaoa!"

"Na bibi harusi ana ndevu!" akadakia mwingine.

"Herakle, shela yako iko wapi, mwenzetu?"

"Lakini si kweli?" Fainipo alikuwa amejishika mbavu. "Herakle si alihamia Olimpo akakaa mezani kwa baba mkwe, anakula, anakunywa, hana hata kuku wake? Kefisio, umechora ukweli mtupu! Sijawahi kuona mtungi unaosema kweli hivi!"

Mzee Kefisio macho yake yameanza kufifia. Aliusogelea mtungi mpaka pua ikagusa. "Mimi nilichora mikono miwili inakutana," alisema. "Vidole ni kazi ya Plangone."

Masikio ya Hermaio yaliiva. Alichomoa kisu kiunoni. "Nitavikwangua."

"Usithubutu," Kefisio akasema. "Chini ya weupe kuna weusi. Ukikwangua, Athena atabaki na mkono wa mwanamume, na wewe utakuwa unaongozwa ndoani na dume."

Alisema kwa nia njema kabisa, masikini. Lakini kicheko kilicholipuka hapo nadhani walikisikia hadi bandarini. Hermaio aliuweka mtungi chini taratibu, kwa sababu hata akikasirika havunji kitu, akapita katikati ya watu akaondoka.

*

Jioni nilimkuta chumbani kwetu amekaa chini, magoti kidevuni.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Harusini. Mama, siendi. Wamwite mwana wa Fainipo, yeye ana nyumba ya kumpeleka mke."

"Huyo mwana wa Fainipo hajui hata kutofautisha udongo mbichi na uliokauka. Umeacha kumpenda Plangone?"

Akaivuta tena ile kamba ya kifundoni.

"Nakuuliza, Hermaio. Umeacha kumpenda?"

"Yeye ndiye aliyenichora hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko umbo lake. "Si Fainipo. Yeye. Kama hata yeye ananiona hivyo, nitakaaje kwake?"

Hapo nikaelewa kuwa kidonda hakikuwa kicheko cha mtaa. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule binti kuliko nilivyowahi kumkasirikia Fainipo, kwa sababu Fainipo kazi yake ni hiyo, lakini kwa mkwe wangu nilitarajia mengine. Mtungi mwingine usingewezekana, udongo haukauki kwa kufokewa, na harusi ilikuwa imefika. Asubuhi nilibeba chungu changu nikapita mlango wa nyuma wa kwa Kefisio, nikaenda moja kwa moja upande wa wanawake.

Plangone alikuwa akisaga udongo wake mweupe juu ya jiwe. Ni binti mdogo wa mwili, mwenye nyusi nzito na kucha ambazo hazitakati kamwe. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vidole gani hivyo ulivyompaka mwanangu?"

Aliinamisha macho. "Mama, weupe hukaa juu ya weusi. Mikono miwili ikikutana, ule wa mwanamke ndio unaopakwa mwisho, basi lazima uwe juu. Nilijaribu kiganja kwa kiganja, kikatoka kama samaki..."

"Plangone."

"Naam."

"Mimi nauza dengu. Mtu akiniambia mawe yameingia chunguni yenyewe, namjua. Ulikusudia au hukukusudia?"

Alijipangusa weupe mikononi. Kisha akaenda akachungulia mlangoni, akarudi, akakaa karibu nami mpaka magoti yakagusana.

"Nilikusudia," akasema. "Lakini si kwa kumcheka."

Akanieleza. Majira ya baridi yaliyopita baba yake alikuwa na mteja mwenye haraka, na Hermaio akajitolea kuingia tanurini kabla halijapoa vizuri. Moshi ule mzito uliobaki ndani ukamwangusha. Watu wote walikuwa wameshakwenda nyumbani. Plangone alipotoka kumwaga maji aliona mlango wa tanuri umevunjwa na mkono mmoja umetokeza nje, hautikisiki.

"Nilimwita, hakuitika. Nikamshika hapa." Alijishika kifundo cha mkono. "Mama, mwanao ni mzito! Nilivuta huku nalia na huku namtukana. Mkono wake ulikuwa umelala kwenye tofali la moto, ukaungua, na mimi sikuweza kuuachia kwa sababu ndio pekee nilioufikia. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichosema ni, 'Usimwambie mtu.' Na mimi ningemwambia nani? Msichana aliye kwa baba yake anashikaje mkono wa mwanamume? Nikamwahidi."

Nikaikumbuka ile kamba ya ngozi. Aliniambia chungu kimemuunguza, na mimi nikampaka mafuta nikalala usingizi wangu. Mwanangu alikuwa amekaribia kufa na nilikuwa sijui.

"Sasa ukavunja ahadi," nikasema, ila ukali ulikuwa umeniishia.

"Sikuvunja, mama. Sikusema. Nilipaka rangi tu." Hapo akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Watu wanamwita Herakle, yeye anavimba, na mimi kila siku nachekea ndani, kwa sababu ni mimi na yeye tu tunaojua Herakle alivyotolewa tanurini kwa mkono. Nilidhani akiuona mtungi atacheka na mimi. Kumbe nimemfukuza. Mama, atakuja kweli?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Sikuweza. Nikampa dengu, maana sikuwa na kingine.

*

Hermaio nilimkuta kwenye shimo la udongo, anaukanyaga kana kwamba umemkosea.

"Nionyeshe mkono," nikamwambia.

"Mkono gani?"

"Huo ulioufunga kama mtoto anayeficha mkate."

Akauweka nyuma. Mtu mzima, ndevu tele, ameficha mkono nyuma mbele ya mama yake.

"Amekwambia," akasema.

"Nimemkamua. Aliyekutoa mautini amenyamaza majira mazima kwa ajili ya jina lako, hata baba yake hajui. Wewe umechekwa kidogo tu na Fainipo, umekimbia. Kati yenu nani ana nguvu?"

"Mama, watu watasema..."

"Watu wanasema tayari! Wanasema uongo na wewe unawaachia, kwa sababu ukweli unauonea aibu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi mwenyewe nataka wajukuu."

Aliendelea kukanyaga. Nikaondoka. Kuna mahali mama anafika, mbele yake hapana njia, na mimi nilikuwa nimefika hapo.

Siku ya harusi wanawake tulikwenda chemchemi ya Kaliroe kuteka maji, wapiga filimbi mbele, mtungi ule juu ya kichwa cha binamu yake Plangone. Nilijitahidi usoni nionekane mama wa bwana harusi. Njia nzima watu walikuwa wanautazama ule mkono mweupe na kunong'onezana. Mke wa Fainipo aliuzunguka mtungi wote, akasema, "Ni mzuri, lakini," akaacha hapohapo. Nilimwombea mvi.

Tulimwogesha Plangone, tukamvisha. Chini ya shela alinishika mkono na kuuliza kwa macho. Nikatingisha kichwa kuwa sijui.

Jioni Hermaio akaja. Amekoga, ana shada la maua kichwani, na ile kamba ya ngozi bado mkononi. Nilishukuru miungu yote ninayoijua, na nikaongeza na ile nisiyoijua kwa usalama. Lakini uso wake ulikuwa mgumu. Alikula kidogo, hakuimba, na upande wa wanawake hakuutazama hata mara moja.

Gari lilikuwa mlangoni, nyumbu wa kulikokota wamefungwa. Kwa kuwa bwana harusi hakuwa na nyumba ya kumpeleka mke, mzee Kefisio alikuwa ameamua waandamane kuuzunguka mtaa mzima na kurudi mlango uleule. Fainipo alikuwa amelingojea jambo hilo tangu bakuli la kwanza la mvinyo. Plangone alipoinuliwa akasimama katikati ya ua, na Hermaio akatakiwa kwenda kumshika, Fainipo akapaza sauti.

"Ngojeni kwanza! Nani amshike nani? Tufuate mtungi, jamani! Bibi harusi, mshike mumeo umpeleke kwako, asije akapotea njia!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata wapiga filimbi waliacha filimbi. Hermaio akasimama pale pale. Nilimwona anauangalia mlango, na mlango ulikuwa wazi, na moyo wangu ukaniambia, huyo anaondoka.

Badala yake akaanza kufungua kamba. Ilikuwa imekaza, akatumia meno. Ikaanguka. Akauinua mkono wake juu, karibu na taa, na kovu likaonekana, jekundu, pana, limetanda kifundoni.

"Fainipo umesema kweli," akasema. "Mtungi ule unasema kweli. Nilianguka tanurini kwa moshi. Wote mlikuwa mmeshakwenda kwenu. Huyu alinivuta akanitoa, kwa mkono wake mmoja, hapa. Nilimwomba asiseme, kwa sababu niliona haya kuwa Herakle ametolewa na msichana. Sasa nimesema mimi. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kama si yeye, leo mngekuwa mnakula karamu ya matanga yangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kefisio alikuwa ameshika ukuta. Fainipo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga bila kuutumia.

Hermaio akaenda mbele ya Plangone. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kifundo na kovu lake mbele ya watu wote, kama bibi harusi anavyonyoosha. "Nishike," akamwambia. "Unapajua."

Shela ilitikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko alichokuwa amekiweka ndani tangu majira ya baridi. Akautoa mkono wake mdogo, weupe umebaki kwenye kucha. Akaweka kidole kimoja juu ya kovu, polepole, kana kwamba bado lina moto. Kisha akageuza mkono wake, akamwekea mumewe kifundo chake.

"Mimi nilishakutoa," akasema. "Leo zamu yako."

Hermaio akamshika. Ile mikono minene ya mwanangu ilikishika kifundo kile taratibu, kama chungu kibichi ambacho hakijaingia tanurini. Mimi nililia waziwazi, sikutafuta hata kitunguu cha kusingizia. Wakapanda garini, mienge ikawashwa, tukawazungusha mtaa wote wa wafinyanzi kwa nyimbo, karakana hadi karakana, tukawarudisha mlango uleule tuliowatolea, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Kamba ya ngozi ilibaki chini pale uani. Niliiokota. Ni ngozi nzuri bado, na tangu siku hiyo ndiyo ninayofungia mfuniko wa chungu changu cha dengu.